Nakala ya Mtepe na Mkono wa Fundi

Nakala ya chombo cha kale ina bahati ambayo kazi nyingine za mikono hazina: kila aitazamaye huisifu. Mgeni huisifu kwa kuwa hajapata kuona kitu kama kile. Mwenyeji huisifu kwa kuwa ni cha kwao. Na mheshimiwa aliyealikwa kuizindua huisifu kwa kuwa ndiyo kazi iliyomleta. Kitabu kibovu husemwa, mchezo wa kuigiza ulio dhaifu huzomewa, lakini chombo kilichoundwa upya kwa jina la utamaduni hupita hivi hivi bila kuulizwa swali. Mimi naona kwamba kutokihakiki ni namna ya kukidharau, kwani kitu tunachokithamini hatuna budi kukipima. Katika kurasa hizi, basi, nitajaribu kukipima chombo kimoja, nacho ni mtepe, pamoja na wenzake wachache, ili tuone nakala njema ni ipi.

Kwa wasioujua, mtepe ulikuwa chombo cha mbao cha pwani yetu, hasa cha visiwa vya Lamu na vya Wabajuni, ambacho mbao zake hazikupigiliwa misumari ya chuma bali zilishonwa. Fundi alitoboa matundu kando ya kila ubao, akaupandanisha na mwenziwe kwa vigingi vya mti, kisha akapitisha kamba ya makumbi ya nazi huku na huku na kuikaza, na mwisho akayaziba matundu. Tanga lake lilikuwa la mraba, limesukwa kwa miyaa kama mkeka. Omo yake ilitangulia mbele mfano wa shingo na kichwa cha ngamia, tena ilichorwa macho, na ilisimuliwa kwamba ni ukumbusho wa ngamia wa Mtume. Ndugu yake, dau la mtepe, alishonwa vivyo hivyo ila hakuwa na shingo ile.

Mshono huu ni wa kale mno, na tangu zamani ulikuwa mali ya mvuvi kabla ya kuwa mali ya mfanyabiashara mwenye shehena. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, ujulikanao kwa jina la Periplus, unataja mji wa biashara wa Rhapta katika pwani hii ya Afrika Mashariki, na unaeleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa. Humo humo kimetajwa kisiwa cha Menouthias, ambako watu walitumia vyombo vidogo vya kushonwa kwa kuvua samaki na kukamata kasa. Wareno wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji mwaka 1498, nao walikuta vyombo visivyo na misumari, vimefungwa kwa kamba na kupandishwa matanga ya mkeka. Baina ya habari hizo mbili ni zaidi ya miaka 1,300, na ufundi ni ule ule.

Watu wa zamani walieleza kwamba vyombo vilishonwa kwa sababu baharini kuna miamba ya sumaku ing'oayo misumari. Ni hadithi tamu, lakini sababu zenyewe ni za kawaida. Chuma kilikuwa ghali, na maji ya chumvi hukila. Minazi ilikuwapo kila kijiji, kwa hiyo mshono ukikatika popote dawa yake ilikuwa karibu. Zaidi ya hayo, chombo kilichoshonwa kina unyumbufu: kikipanda kipwa au kikipwelewa mchangani hujikunja kidogo, hunung'unika, kisha hupita. Unyumbufu huo ulikuwa na bei yake, nayo ni maji. Mtepe ulivuja, na kazi ya kufua maji ya ngama haikuwa na mwisho. Baada ya muda mshono ulilegea, chombo kikapandishwa pwani na kushonwa upya.

Misumari ilipokuwa rahisi kupatikana, na majahazi ya kupigiliwa yakabeba mzigo kwa taabu ndogo zaidi, mtepe ulianza kukosa watu wa kuuagiza. James Hornell alipochapisha maelezo yake juu ya mtepe na dau la visiwa vya Lamu mwaka 1941, alikuwa kama mtu anayeandika wasifu wa mgonjwa mahututi. A. H. J. Prins, ambaye kitabu chake juu ya usafiri wa baharini wa Lamu kilitoka mwaka 1965, alikuja baadaye kukusanya habari za mtepe kutoka kwenye maandishi, picha na vielelezo vidogo vilivyohifadhiwa katika makumbusho. Mtepe wenyewe haukuwapo tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaundwa Zanzibar mtepe mpya, mkubwa kama chombo cha kweli. Ulipewa jina la Shungwaya, nchi ya asili katika mapokeo ya makabila mengi ya pwani, ukawekwa katika ua wa ndani wa Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo wakati huo lilikuwa makumbusho.

Sifa zake ni kubwa, na ni haki nizitaje kwanza. Picha ya mtepe kitabuni ina urefu wa kidole. Mtoto wa shule aliyesimama chini ya omo ya Shungwaya alilazimika kuinua shingo, na kuinua shingo huko ni somo tosha. Aliuona mshono ukipita kwenye ubao baada ya ubao, akaelewa kwa macho jambo ambalo mwalimu angelieleza kwa saa nzima asisadikiwe: kwamba wazee wa pwani hii walivuka maji makuu kwa mti na kamba. Kwa vizazi vilivyofundishwa kwamba kila ustadi uliletwa na meli kutoka ng'ambo, hilo si jambo dogo. Waliofanya kazi ile wanastahili shukrani.

Lakini sasa tuulize. Waliouunda hawakuwa na mtepe hata mmoja wa kuutazama, na ufundi wake ulikuwa umekatika kwa zaidi ya umri wa mtu mzima. Kilichokuwapo ni maandishi, picha na vielelezo. Kielelezo cha kuwekwa mezani kinaonyesha shingo ya ngamia, kinaonyesha tanga, kinaonyesha hata mapito ya kamba. Hakionyeshi kamba ikazwe kiasi gani ikiwa kavu ili ikilowa isikate ubao. Hakionyeshi ni makumbi ya kufukiwa muda gani yatoayo uzi usiooza upesi. Hakionyeshi mshono upi hulegea kwanza, wala baharia husikia mlio gani kabla haujalegea. Mambo hayo hayamo katika umbo la chombo. Yalikuwa katika viganja vya watu, na watu wale wamelala makaburini Faza, Pate na Siyu.

Sisi walimu tunaujua vizuri ugonjwa huu. Katika vyuo vya ualimu hupatikana mwanachuo ambaye daftari lake ni safi kuliko la wote. Amenakili ubao mzima, vichwa vya habari amevipigia mstari kwa wino mwekundu, hakuna nukta iliyoanguka. Mpeleke darasani kwenye mazoezi ya kufundisha, mbele ya watoto hamsini, uone. Amehamisha maneno kutoka ubaoni hadi daftarini, na hayakupita kichwani. Nakala ya chombo nayo inaweza kuwa daftari safi la namna hiyo. Ndiyo maana siridhiki na kipimo kinachotumiwa siku zote, yaani kufanana. Kufanana ni alama ya kwanza, wala si alama kubwa. Zipo nyingine tatu ambazo ningezitia katika karatasi ya kusahihishia: ufundi ulichukuliwa kwa nani, chombo kiliingia majini kufanya nini, na chombo kilipokwisha, nani alibaki anajua.

Tuitazame Oman, nchi iliyofungamana na pwani yetu kwa pepo za kaskazi na kusi. Mwaka 1980 mwandishi na msafiri Tim Severin aliunda huko Sur jahazi la kushonwa lililoitwa Sohar, kwa msaada wa Sultani Qaboos. Mbao zake zilitoka pwani ya Malabar. Walipofika kwenye mshono hawakutegemea michoro peke yake. Walikwenda kuwatafuta watu ambao kwao kushona vyombo kulikuwa bado kazi ya mkono, katika visiwa vya Laccadive vya India, akiwamo Ali Manikfan wa kisiwa cha Minicoy. Kamba iliyotumika ilikuwa mamia ya kilomita. Novemba 1980 Sohar ilitoka Muscat, na Julai 1981 ikafika Guangzhou, China. Njiani, baina ya Sri Lanka na Sumatra, foromali kuu ilivunjika, na mabaharia wakakaa majini wakikinga maji ya mvua na kuvua papa. Naiona foromali ile iliyovunjika kuwa sehemu bora ya mradi wote. Chombo kilichowekwa ukumbini hakivunjiki foromali, na kwa sababu hiyo hakimfundishi mtu foromali iweje.

Miaka karibu thelathini baadaye Oman ilirudia. Mwaka 1998 yaligunduliwa karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, mabaki ya jahazi la kushonwa la karne ya 9, lililozama na shehena ya vyombo vya kauri vya China. Kwa kuyafuata mabaki hayo likaundwa katika ufuko wa Qantab jahazi lililoitwa Jewel of Muscat, na mwaka 2010 likasafiri hadi Singapore. Hapa nakala ilikuwa na kitu ambacho Shungwaya haikuwa nacho: mwili wa marehemu mwenyewe. Uchunguzi ulionyesha kwamba mbao za jahazi lile la kale zilikuwa za mti wa Kiafrika, na mbao za nakala zikatafutwa Afrika, nchini Ghana.

Hata hivyo Oman nayo siipi alama zote. Sohar leo imesimama katikati ya mzunguko wa barabara karibu na Muscat, magari yakiizunguka. Jewel of Muscat ilitolewa zawadi kwa Singapore, ikawekwa katika makumbusho. Zote mbili zilifanya safari moja kubwa, kisha zikastaafishwa. Katika swali la kwanza zimefaulu sana, na katika la pili zimefaulu. Katika la tatu zimepata wastani. Ufundi uliazimwa kutoka India ukafanya kazi iliyokusudiwa, lakini hakuna mvuvi wa Sur aliyerudi kushona chombo chake kwa ajili hiyo.

Sasa nitazame chombo ambacho wengi watashangaa kukikuta katika mjadala huu. Mwaka 2018 liliingizwa majini Lamu dau la mita 9 liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa takataka za plastiki zilizookotwa, kiasi cha tani 10, na kuvikwa vipande vya kandambili 30,000 hivi. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Mtu wa kufuata asili atakasirika: hiyo ni nakala gani, isiyo na hata ubao mmoja wa mti? Rangi zake ni kama za kibanda cha peremende. Lakini aliyeongoza kuliunda ni Ali Skanda, fundi wa Lamu, na walioshika tezo, msumeno na keekee ni mafundi waliozoea kazi hiyo kwa mti. Mkuku, mataruma na mbao vilifuata utaratibu wa dau. Plastiki haina nyuzi kama mti, na hupinda mahali ambapo mti hukaza, kwa hiyo fundi alilazimika kuuliza upya kila jambo alilokuwa akilifanya kwa mazoea. Mwanafunzi hudhihirisha kwamba ameelewa pale anapopewa hesabu ambayo haimo katika kitabu, akaifanya.

Basi tunavyo vyombo viwili vinavyotazamana. Mmoja una umbo la kale kamili, na mikono iliyouzaa imekwisha. Mwingine umbo lake lina dhihaka kidogo na mti wake si mti, lakini mikono ni hai na imerithishwa. Nikilazimishwa kuchagua ni kipi kimehifadhi zaidi uundaji wa vyombo wa pwani hii, nitachagua cha pili, ingawa jicho langu linapenda cha kwanza.

Najua nitajibiwa. Utaambiwa kwamba mtepe ulikuwa umekwisha kufa, na kwamba nakala isiyo kamili ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Kwamba makumbusho si karakana. Kwamba mkono wa fundi hauwezi kuwekwa katika sanduku la kioo ukatazamwa. Yote ni kweli. Wala sidai kwamba Shungwaya haikufaa kuundwa. Nadai kwamba kwa kuufurahia mtepe uliorudishwa kwa wafu tulijisahaulisha mgonjwa aliyekuwa bado anapumua mlangoni.

Mgonjwa huyo ni ngalawa. Ngalawa haina nasaba ya kujivunia kama mtepe. Haikuchorwa macho, wala hakuna aliyeihusisha na ngamia wa Mtume. Ni shina la mti, mara nyingi mwembe, lililochongwa likawa mwili, likatiwa mirengu pande mbili ili lisipinduke, mlingoti mfupi na tanga la pembe tatu. Mirengu yake hufungwa kwa kamba, na katika fundo lile anayejua kutazama ataona jamaa wa mbali wa mshono wa mtepe. Imelisha pwani yote, kutoka Tanga hadi Mtwara na visiwani, bila kuzinduliwa na mtu.

Niliwahi kumtazama fundi mmoja wa Bagamoyo akichonga ngalawa. Hakuwa na mchoro wala futi. Alipima kwa shubiri na kwa uzi wenye mafundo, na kila alipopunguza ubavu kwa tezo aliugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kwani sauti ndiyo iliyomwambia unene uliobaki. Nilimwuliza angejuaje kwamba amefika. Akanijibu kwamba mti wenyewe husema. Si fumbo hilo. Ni maarifa kamili, ila yameandikwa katika sikio. Kijana aliyemsaidia kusukuma shina alikuwa akingoja apate pikipiki akaendeshe bodaboda, wala simlaumu. Miembe minene imekuwa adimu na ghali. Boti za faiba zimekuja, na serikali yenyewe imekuwa ikiwakopesha wavuvi; boti hizo huenda mbali zaidi na hazidai mti. Mvuvi ana haki ya kuzitaka. Hakuna anayepaswa kubaki maskini ili sisi wengine tupate mandhari ya kutazama magharibi.

Lakini ngalawa ikienda, itakwenda kama mtepe ulivyokwenda: bila tangazo, fundi mmoja baada ya mwingine. Kisha baada ya miaka sitini atatokea mtu mwenye nia njema, atafute fedha, akusanye picha za watalii na vielelezo vya kuuzwa madukani, aunde nakala ya ngalawa. Itasifiwa. Na hakuna atakayejua kwamba ubavu wake ulipaswa kugongwa kwa kifundo cha kidole.

Mtu anayedhani kwamba jumba na kuta zake vinatosha na akumbuke yaliyoipata Beit el-Ajaib. Mwaka 2012 sehemu yake iliporomoka, na makumbusho yakafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya kazi ya ukarabati, upande mkubwa wa jumba pamoja na mnara wa saa ukaanguka, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lililopewa kazi ya kuvitunza vitu vya kale lilishindwa kujitunza lenyewe. Maarifa yaliyowekwa katika kitu kimoja tu yanategemea paa la kitu hicho. Yaliyomo katika mikono ya vijana kumi huhama nao, hata nyumba ikianguka.

Wajapani wanalo jambo la kutufunza hapa. Hekalu lao kuu la Ise, la mbao, hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwa mti mpya na kwa ufundi wa zamani. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Ukilitazama kama mtu wa makumbusho utasema hekalu lile si la kale, ni nakala ya nakala. Ukilitazama kama mwalimu utaona hekima ya ile 20. Aliyeshika mbao akiwa kijana katika ujenzi mmoja ni fundi kamili katika wa pili, na ni mzee wa kusimamia katika wa tatu. Wao wameukubali mti uoze, mradi mkono usisahau.

Sisi tuliunda mtepe mara moja, tukauweka ndani, tukafunga mlango. Mtepe haukurudi baharini kuwa chombo cha kazi, na ungekuwa muujiza kama ungerudi. Lakini ungeweza kurudi kuwa chombo cha kufundishia, na hiyo ni kazi nzima kwa chombo. Ukiundwa mwingine, na uundwe ufukweni, mahali ambapo watoto hupita wakitoka shule, na waitwe mafundi wa ngalawa na wa mashua waushone kwa kukosea na kufumua, mpaka kamba yenyewe iwafundishe. Uingizwe majini, uvuje, ufuliwe maji, urudi pwani, ushonwe tena. Na katika bajeti yake, posho za wanagenzi zitengwe kwanza, kabla ya fedha za zulia la siku ya uzinduzi.